Picha ya Tisa

Salma aliteremka kwenye bodaboda mbele ya mlango wangu hapa Nyegezi, mkoba wa ukili kwapani, akasimama kama mtu aliyekosea nyumba. Mwanamke mtu mzima, amepita sitini. "Shikamoo mama," akasema. "Wewe ndiye Milembe wa kamera?" Jina hilo sikuwa nimelisikia tangu mwaka wa Uhuru. Wajukuu wangu wananijua kwa ukali na kwa shamba la mihogo. Kamera hawanijui nayo. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza yeye ni wa nani. "Mimi mtoto wa Zuhura wa Mzee Sudi. Nimetoka Nansio, Ukerewe, na meli ya asubuhi." Nikatafuta kiti nikakaa. Nilijua miaka yote kwamba mtoto huyo yupo, lakini macho yangu hayakuwahi kumwona. Akafungua mkoba, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kanga kuukuu, akakiweka mapajani mwangu. Ilikuwa picha niliyoipiga mwenyewe nikiwa msichana: bibi harusi ameinamisha macho, midomo imefungwa, mikono imelala juu ya magoti. "Sina nyingine ya mama," Salma akasema. "Babu alikufa akiamini kwamba alimwoza mwanawe kwa nguvu, na ushahidi wake ulikuwa hii picha. Alikuwa akinionyesha, ananiambia, tazama mama yako alivyoolewa kwa huzuni. Wewe ulikuwapo. Nimekuja uniambie kama ni kweli."

Siku ile sikumjibu. Nilimwambia safari imemchosha, nikampikia ugali na sato, nikamtandikia. Nilimjibu asubuhi yake, na niliyomwambia ndiyo ninayoyaandika hapa kwa mkono wangu, ili na wa kwangu wayajue wasije kuyasikia kwa watu. Habari za kwetu, za baba na ng'ombe wake na ndugu zangu, sitazitia. Mwaka ninaousimulia haukuwa wao.

Niliingia Mwanza mvua za vuli zikianza, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na saba na darasa la nne. Mzee Sudi alikuwa mpiga picha, mtu wa mjini, upande mmoja Mmanyema na upande mwingine Mwarabu, na Kisukuma alikisema vizuri kuliko mimi. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Ndani mlikuwa na pazia lililochorwa ngazi na vyungu vya maua, kiti kimoja cha kusokotwa, na kioo cha wateja kujitengenezea nywele. Stoo aliigeuza chumba cha giza, akaziba kila tundu kwa matambara, na taa ya humo aliifunika kwa kitambaa chekundu. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiwe kubwa kupita nyumba yenyewe, na mchana lilihifadhi joto hata ukiegemea ukuta wa jikoni unahisi kama kuna mtu upande wa pili. Mkewe alikwisha kufa. Aliishi na bintiye mmoja, Zuhura, ambaye tulilingana umri. Zuhura alikuwa mwari wa ndani, hatoki ila kwa buibui na kwa sababu.

Mimi nilichukuliwa kwa kazi moja. Wanawake wa mjini wanaokaa ndani walitaka picha, hasa siku za harusi, lakini hawakukubali kutazamwa na mwanamume kupitia kamera, hata awe mzee. Kwa hiyo Mzee Sudi alitaka msichana atakayefundishwa, aende majumbani kwao. Na masharti yao yalikuwa makali. Mkanda usafishwe na mwanamke. Ichaguliwe picha moja, zichapwe nakala za kuwatosha, halafu nyingine zote pamoja na mkanda wenyewe zichomwe jikoni mbele ya mwanamke wa ukoo, asije mtu akachapa uso wa mke wa mtu na kuuweka mfukoni. Nikisema kuchomwa ninamaanisha moto. Mkanda hujikunja, hunuka, basi. Kilichobaki ni kile ulichochagua. Ndiyo maana Mzee Sudi alinifundisha kushika kamera kwa wiki mbili, na kuchagua alinifundisha miezi minne.

Somo lilikuwa saa nne, chai ikiwa mezani. Alitandaza picha kumi na mbili za mkanda mmoja, za wateja wa kawaida, tuseme karani wa reli na mkewe na watoto. "Toa mbaya," akasema. Nikatoa aliyefumba macho, nikatoa aliyetikisika, nikatoa iliyokatwa kichwa. Zikabaki tano. Nikamtazama nikidhani nitasifiwa. "Hiyo kazi hata karani mwenyewe angeifanya. Kuondoa mbaya si kuchagua, binti. Sasa ondoa nzuri." Nikasema zote ni nzuri. "Ndiyo. Ondoa nne." Nilikaa pale mpaka chai ikaota utando. Nikikawia sana alizipindua zote tano, migongo juu, akanisogezea sahani ya mandazi. "Kula. Usizifikirie." Nikala. Kisha akauliza, "Sasa ipi bado unaiona?" Ile niliyoitaja aliigeuza. "Ndiyo hiyo. Nyingine ulikuwa unazihurumia tu."

Zuhura alisikiliza yote hayo kutoka mlango wa uani akichambua mchele. "Baba, ukimaliza mfundishe na kuchagua samaki. Juzi kaniletea sato macho mekundu kama mlevi." Nikamwambia kwetu tunatazama matamvua, macho ni ya watu wa mjini. "Basi kayale hayo matamvua," akasema, na akacheka. Lazima nieleze alivyokuwa akicheka maana ndiyo habari yenyewe. Alikuwa na mwanya mpana, akauonea haya, kwa hiyo kicheko kikianza aliinua mkono kuufunika, na mkono ulichelewa kila mara. Alinifundisha kupika wali wa nazi. Mimi nilimletea michembe kutoka kwetu, viazi vitamu vilivyokaushwa, akawa anaitafuna kutwa, akisema ni viatu vitamu. Alasiri ambazo wadudu wa ziwani walikuja kama moshi, tulikimbia pamoja kufunga madirisha, maana wakiingia wananata kwenye picha mbichi, na mteja hataki kujiona ana vidoa usoni kama mwenye ndui. Tulisimama gizani tukitikisa mabeseni ya dawa, tukisubiri sura zipande kwenye karatasi. Alipenda kukisia. "Huyu atakuwa amekasirika," anasema, kabla pua haijatokea.

Humo gizani ndimo nilimosikia habari ya posa. Ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao, na upande wa pili ndipo Mzee Sudi alipokuwa akila. Nilisikia sauti ya Zuhura. "Nansio ni mbali, baba. Nani atakupikia?"

"Kabla hujazaliwa nilikuwa sili?"

"Ulikuwa unakula kwa mama."

Kijiko kikatulia kwenye sahani. "Mimi sitaishi milele, Zuhura. Yule ni mtu mwema, fundi cherehani, ana nyumba yake. Nikifa leo utabaki na nani? Na hili pazia la maua?" Zuhura akaondoa sahani. Alilia wiki nzima, nami nililala naye chumba kimoja kwa hiyo ninajua. Wanawake wa jirani walimsikia pia. Lakini wiki ilipokwisha alinawa uso, akaanza kuniuliza maswali. Ukerewe kuna miembe? Kuna muhogo mtamu? Bwana yule alipomtumia gauni alilolishona mwenyewe, alilipindua ndani nje, akazitazama nyuzi moja moja, akasema, "Angalau anajua kushona. Mikono yake haina haraka." Nilimwona amelala akiwa amelishika. Hayo baba yake hakuyaona. Binti hamwonyeshi baba mambo kama hayo. Baba alikumbuka kilio tu.

Harusi ikawekwa baada ya Idi. Mzee Sudi aliniita siku tatu kabla, akanipa kamera yake nzuri, ile ya lenzi mbili. Kwa wasioijua: unaichungulia kwa juu, lenzi ya juu ndiyo unayoonea, ya chini ndiyo inayopiga, na kila moja ina kifuniko chake. Ukisahau cha chini utaona kila kitu vizuri na hutapata kitu. Mzee Sudi aliwahi kumfukuza mwanafunzi kwa kosa hilo. "Anayesahau kifuniko," alikuwa akisema, "hamtazami mtu. Anajitazama mwenyewe akipiga picha." Akaniambia, "Utampiga Zuhura. Mkanda mmoja. Utasafisha mwenyewe, utachagua mwenyewe, mimi nitaona moja tu. Ukichagua sawasawa, kamera hii utakwenda nayo majumbani peke yako." Nilikuwa msichana wa kijijini, na nilikuwa nimekwisha kujiona nikipita mitaani na mkoba ule begani, watu wakisema yule ndiye. Sikulala.

Tulipiga uani, mchana, chini ya shuka jeupe lililotandazwa juu kupunguza jua. Shangazi wa bwana harusi alikuwa amekuja kutoka Nansio kusimamia heshima. Aliketi jikoni ametugeuzia mgongo, anakunywa kahawa. Zuhura alikuwa na hina mbichi mikononi, bado ya kijani, na dhahabu ya marehemu mama yake. Sita za kwanza zilikwenda vizuri. Macho chini, midomo imefungwa, kama bibi harusi anavyotakiwa. Nikafunika lenzi, nikaenda kumrekebisha mtandio. Nikarudi, nikafunua ya juu nikachungulia. Ya saba nikapiga. Ya nane nikapiga, tena nikamwambia asogeze kidevu, kwa sauti ya Mzee Sudi kabisa. Nilipozungusha mkanda kwenda ya tisa nikamsikia anakohoa kohoa, na kile hakikuwa kikohozi. "Mwalimu," akasema, "endelea tu kupiga, mimi sina neno. Ila jicho lako la chini limelala." Nikatazama. Kifuniko kipo. Alikuwa amekiona tangu ya saba akaninyamazia kwa makusudi. Nikakitoa, na mikono yangu ikabonyeza bila mimi kupenda, wakati yeye ameninyooshea kidole chenye hina, ule mtandio umeteremka sikioni, mwanya wote nje, mkono wa pili unakuja kufunika na umechelewa. Shangazi akaguna kutoka jikoni, "Bibi harusi hacheki." Zuhura akanong'ona, "Bibi harusi anacheka akiona kipofu ameshika kamera." Kisha akajitengeneza, tukamaliza tatu zilizobaki.

Nilisafisha, nikachapa. Saba na nane zilitoka tupu, nikazikata mara moja. Zikabaki kumi. Nikazitandaza mezani siku ambayo Mzee Sudi alikuwa sokoni kununua mchele wa harusi. Nikatoa mbaya. Nikatoa nzuri. Nikazipindua zilizobaki, nikaenda kunywa chai kama nilivyofundishwa, na kila nilikogeuka niliiona ya tisa. Kidole kimetikisika, kweli, na mtandio umekaa vibaya. Lakini nilikuwa nikimwona Zuhura mzima mzima, na nilijua kwamba kwa kanuni ya mwalimu wangu ndiyo hiyo. Hapo nikafikiri: atauliza. Atasema, alikuwa anacheka nini? Anamnyooshea nani kidole? Na Zuhura hawezi kunyamaza, atasema mezani mbele ya watu wote kwamba Milembe amepiga mbili na kifuniko. Nikachukua ya kumi na moja, macho chini, mikono magotini, safi kama chapa. Nyingine nikazikusanya, nikampelekea shangazi jikoni pamoja na mkanda. Hakuzitazama. Alihesabu vipande kwa kidole, akaniambia tia. Nikatia. Ya tisa ilikuwa katikati, na nilisimama pale mpaka makaa yakarudi kuwa makaa.

Mzee Sudi aliishika ile picha kwenye mwanga wa mlango muda mrefu. "Hapa hapakosewi kitu," akasema. Akanipa kamera. Zuhura alipoiona kabla ya kupanda meli alinitazama, akajua nimeikimbia ile ya kicheko. Hakunisema kwa baba yake. "Umenitoa kama hirizi ya mtu, nimeshonwa pande zote," akaniambia tukiwa wawili. "Siku nyingine utanipiga na mwanya wangu." Nikamwambia nitakwenda Nansio kumpiga picha. Nilimaanisha.

Mwaka ulikwenda. Nilipita mitaani na mkoba begani, watu wakasema yule ndiye. Uhuru ulipokaribia studio ilijaa tangu asubuhi; watu walitaka kupigwa wameshika bendera, wengine walikuja na baiskeli, mmoja alikuja na mbuzi akidai naye ni wa Tanganyika. Mzee Sudi alicheka siku ile kuliko mwaka wote. Alikuwa akihesabu na miezi ya mwanawe, maana Zuhura alikuwa mjamzito. Siku chache baada ya sherehe alikuja mtu kutoka bandarini, akasimama mlangoni bila kukaribia, na kofia ameivua. Mtoto amepona, akasema. Mama hakupona. Mzee Sudi alivuka, akamkuta amezikwa.

Aliporudi tulikaa matanga. Watu wa sherehe walikuwa bado wanakuja kugonga mlango na nguo zao mpya, na kazi yangu ilikuwa kuwarudisha. Wanawake walijaa uani wanachambua mchele, na mmoja, sitamtaja, akasema bila kupunguza sauti, "Yule alilia tangu siku ya posa. Alilazimishwa. Moyo ukiwa hautaki na mwili hukataa." Mwenzake akamwambia nyamaza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai, na nyuma yangu alikuwa Mzee Sudi. Aligeuka akaingia chumbani kwake. Baada ya muda akaniita. Alikuwa ameketi kitandani na picha mapajani, ameitoa kwenye fremu.

"Binti," akasema, "nimemtafuta humu simpati. Humu kuna bibi harusi. Zuhura hayumo." Nikaweka birika chini. "Sikuulizi kwa ubaya. Zile kumi na mbili, wewe uliziona zote. Hapakuwa na moja amecheka? Hata kidogo, hata kwa upande?"

Mtu anapewa mlango mmoja katika maisha yake, na wangu ulikuwa ule. Ningesema, ilikuwapo, niliichoma, nilisahau kifuniko akanicheka. Angenifukuza, na mwanawe angempata. Nilifungua mdomo, na nilichokisikia kikitoka ni, "Hapakuwa, Mzee. Zote aliinamisha macho."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeletewa kitu alichokitarajia. "Basi ulichagua vizuri. Huwezi kuchagua kisichokuwapo." Akaipangusa picha kwa kiganja. "Ni mimi, basi."

Wiki haikuisha nikamrudishia kamera. Nilimwambia mama anaumwa. Mama alikuwa mzima. Nilisikia baadaye kwamba alifunga studio akahamia Nansio kuwa karibu na mjukuu. Mimi niliolewa, nikalima, nikauza dagaa, nikazaa, nikazika mume. Kamera sikuishika tena, na watu wakipigwa picha kwenye harusi za watoto wangu nilikuwa natoka nje kuangalia vyungu.

Hayo ndiyo niliyomwambia Salma asubuhi ile, uji ukipoa. Hakunikatiza. Nilipofika mwisho akauliza, "Ulimwambia hapakuwa?"

"Nilimwambia hapakuwa."

"Babu aliishi miaka ishirini na moja baada ya hapo."

"Najua, mwanangu."

"Hujui," akasema. Hakupandisha sauti. "Kila Idi, watu wakitoka msikitini, alikuwa anaiweka hii picha mbele yake anaiomba radhi. Nikiwa mtoto nilidhani ndivyo Idi inavyosaliwa." Nikatazama chini. Nje wajukuu wangu walikuwa wanagombania ndoo. Kisha akanyoosha mkono, akaipindua picha juu ya meza, mgongo juu, na akaniuliza kwa maneno yaleyale, maana na yeye alifundishwa na mtu yuleyule: "Ipi bado unaiona?"

Nikamwambia. Kidole kinachonyooshwa, hina ya kijani, mtandio sikioni, mwanya. Mkono unakuja na umechelewa. Alifumba macho. "Alikuwa anamcheka nani?" Nikasema, mimi. "Alisema nini?" Nikamwambia na hilo, jicho la chini limelala. Midomo yake ikatikisika, sikujua kama analia au anacheka. "Rudia," akasema. Nikarudia. Aliniomba mara tatu, nikarudia mara tatu, na kila mara ilikuwa ileile, haikufifia popote.

Mchana nilimsindikiza barabarani. Hakusema amenisamehe na mimi sikumwomba, maana aliyekuwa wa kuombwa amekwisha zikwa. Nilipomkumbusha picha yake akajitengeneza mtandio. "Kaa nayo, mama. Wewe ndiye uliyeichagua." Akapanda bodaboda, akaenda kuwahi meli. Nilirudi ndani nikaikuta pale mezani alipoiacha, mgongo juu. Mpaka leo sijaigeuza.